TAHARIRI: Kipara cha uwanjani si kipara cha barabarani

Mwambie mwendesha nduthi wa steji yoyote mjini Kitale au Bungoma kwamba tairi yake ya nyuma imeisha, usikie jibu atakalokupa. Atacheka, ataipiga tairi teke, kisha atakuambia: "Hii ni ya Formula One, buda. Panda twende."

Utani huo tumeuzoea, na unachekesha kwa sababu una chembe ya ukweli. Ni kweli magari yenye kasi kuliko yote duniani hukimbia kwa tairi laini, zisizo na mstari hata mmoja. Lakini ni chembe tu. Tunaandika leo kwa sababu ya ule ukweli uliobaki. Msimu wa mvua huku kwetu si wa wiki mbili. Huanza Machi au Aprili na kutuzungusha hadi karibu Oktoba. Kila siku ya msimu huo kuna mama na mtoto wake, kuna mwanafunzi, kuna gunia la mahindi, wote wamebebwa juu ya kipara.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye simu tu. Nchini Marekani kuna mbio za gokati zinazofanyika kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Gokati ni kile kigari kidogo kisicho na paa wala springi, dereva ameketi karibu agonge ardhi kwa makalio. Wanazunguka upande mmoja tu, kushoto, kushoto, kushoto, hadi bendera ianguke. Injini inayotumika katika madaraja mengi ya mbio hizo ni ya cc 196, nakala ya Honda GX200. Mkulima yeyote wa Trans Nzoia anaijua familia hiyo ya injini, maana ndiyo inayovuta maji mtoni kwenda kwenye shamba la nyanya.

Sasa, jambo la kushangaza. Uwanja ni wa udongo, lakini tairi nyingi za gokati hizo ni kipara kabisa. Inakuwaje? Mbona wao wasiteleze?

Jibu liko ardhini. Udongo wa uwanja huo ni wa mfinyanzi, umechaguliwa. Kabla ya mbio humwagiwa maji, ukashindiliwa na kusawazishwa hadi ukawa mgumu. Gokati zikianza kuzunguka, unyevu hupungua, na mpira wa tairi huacha masizi yake chini. Baada ya muda ile njia wanayopita wote huwa nyeusi na yenye kung'aa, inakaribia kuwa lami. Juu ya ardhi kama hiyo, tairi laini ina faida, kwa sababu uso wake wote unagusa chini. Ukiichonga mistari, unapunguza mpira unaoshika.

Hata hivyo, hakuna dereva wa mbio hizo anayechukua tairi iliyokwisha nyuma ya duka akasema leo nina kipara, twende. Kipara chake kina kazi nyingi nyuma yake.

Kwanza, hupima ugumu wa mpira kwa kifaa kidogo kiitwacho duromita, chenye sindano inayobonyezwa kwenye tairi na kusoma namba. Namba ikiwa juu, mpira ni mgumu. Ikiwa chini, mpira ni laini na unanata. Kisha tairi hufungwa kwenye mashine inayoizungusha, ikakwanguliwa hadi iwe na unene anaoutaka na iwe sawa pande zote. Baada ya hapo hupakwa dawa za kulainisha mpira, nje na wakati mwingine ndani, huku ikizungushwa polepole ili dawa isikae upande mmoja. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa. Halafu anapima tena.

Bado hajamaliza. Tairi ya nyuma kulia lazima iwe na mzingo mkubwa kidogo kuliko ya kushoto. Ukitaka kuelewa sababu, chukua glasi ya plastiki, ile nyembamba chini na pana juu, uiviringishe sakafuni. Haiendi moja kwa moja, inazunguka. Ekseli ya nyuma ya gokati ni chuma kimoja, kwa hiyo magurudumu yote mawili huzunguka kwa pamoja. Tairi zikilingana, kigari kitataka kwenda mbele wakati dereva anataka kukata kona. Zikitofautiana kama ile glasi, kona inakuja yenyewe.

Halafu upepo. Tairi hizi hujazwa upepo kidogo sana, mara nyingi chini ya psi 10, na dereva makini anaweza kubishana na fundi wake kuhusu nusu psi. Uwanja ukiwa bado na unyevu mwanzoni, atatumia tairi iliyokatwa mistari. Ukikauka, atabadilisha. Anatazama chini kwanza ndipo aamue juu ya tairi.

Kwa hivyo kipara cha uwanjani kimetengenezwa na mtu aliyeisoma ardhi. Kipara cha steji yetu hakikutengenezwa na mtu. Kimejitokea tu, kwa umaskini, kwa haraka na kwa mazoea. Majina yamefanana, lakini ni watu wawili tofauti.

Hata hao Formula One wenye sifa zao hawabaki na kipara mvua ikinyesha. Huingia kwa mafundi na kufungiwa tairi zenye mifereji. Kampuni ya Pirelli, inayozitengeneza, husema tairi moja ya mvua kubwa inaweza kutoa hadi lita 85 za maji kwa sekunde gari likiwa kwenye kasi ya kilomita 300 kwa saa. Hiyo mistari unayoiona kwenye tairi ni mifereji ya kutoa maji na matope ili mpira uguse ardhi. Ikifutika, maji hayana pa kwenda. Yanabaki kati yako na barabara.

Tusiende mbali. Mbio za Safari Rally zilianza mwaka wa 1953, zikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na zikarudi 2021, makao yakiwa Naivasha. Angalia tairi za magari hayo. Zina meno. Maxine Wahome alipoushinda mkondo wa WRC3 wa Safari mwaka wa 2022, alipita kwenye vumbi, mawe na matope kwa tairi zenye meno. Mwaka huohuo McRae Kimathi alienda kushindana kwenye theluji ya Sweden, ambako tairi huwa na misumari ya kung'ata barafu. Vijana wetu hao wawili walikuwa kwenye ardhi mbili tofauti kabisa na kila mmoja alivaa kiatu cha ardhi yake. Mbona sisi tunavaa kiatu cha lami kavu kwenye matope ya Kapsokwony?

Maana ardhi yetu tunaijua. Murram ya Endebess au ya Kwanza wakati wa kiangazi ina kokoto ndogondogo zinazoviringika juu ya udongo mgumu, ukikanyaga breki ni kama umekanyaga mahindi yaliyoanikwa. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unageuka sabuni. Ukipanda kuelekea Mlima Elgon, teremko linaongeza mambo. Na usidhani lami itakuokoa. Kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, trekta zinazotoka shambani huacha matope juu ya lami. Mvua ya saa tisa ikishuka juu ya matope hayo, lami yenyewe inakuwa uwanja wa kuteleza. Hakuna aliyeshindilia udongo huo kwa ajili yako, na hakuna anayekuzungushia bendera ya manjano kona inayofuata ikiwa na hatari.

Ukifika Kanduyi jioni ya siku kama hiyo, hesabu nduthi kumi zinazopita na uangalie tairi za nyuma. Hatuna takwimu za kukupa. Macho yako yanatosha.

Kuna tabia nyingine mbaya kuliko kipara chenyewe, nayo ni kukificha. Tairi iliyoisha hupelekwa kwa jamaa mwenye kisu au chuma cha moto, akaichora mistari mipya. Ukiitazama kwa mbali, meno yapo. Lakini mistari hiyo imechongwa ndani ya mpira mwembamba uliobaki, karibu na nyuzi zinazoishikilia tairi. Zipo tairi za malori zinazotengenezwa na mpira wa ziada chini ili zichongwe upya, na huandikwa hivyo ubavuni. Tairi ya nduthi haiko hivyo. Ukiichonga, umeikaribisha ipasuke ikiwa na watu wawili na mzigo.

Wengine hununua tairi kuukuu iliyopakwa weusi ikang'aa kama kiatu cha harusi. Na iwapo kuna kijana aliyesoma kuhusu zile dawa za kulainisha mpira akafikiri atazipaka nduthi yake ili ishike vizuri, tafadhali usijaribu. Mpira uliolainishwa kwa ajili ya mizunguko michache ya uwanjani hauwezi kukubeba Kitale hadi Kachibora na kurudi. Utaisha upesi. Isitoshe, baadhi ya dawa hizo zina kemikali za ukoo mmoja na zile zilizo kwenye gundi ya viatu, gundi ileile inayowamaliza watoto wanaolala kwenye vibaraza vya miji yetu. Huko Marekani kwenyewe vipo viwanja vinavyozipiga marufuku.

Sasa tunajua utasema nini. Utasema, ni rahisi kuandika, tairi hainunuliwi kwa maneno. Ni kweli. Tena wengi wanaoendesha nduthi si zao. Asubuhi unatoka na mafuta ya kukopa, jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake, ikipungua maneno yanakuwa mengi. Tairi ikiisha, mwenye pikipiki anasema wewe ndiye unayeitumia. Wewe unasema pikipiki ni yake. Mnapobishana, tairi inaendelea kuisha, na anayelipa mwishowe ni abiria ambaye hata hakujua kuna ubishi.

Msimamo wetu ni huu: tairi ni ya mwenye pikipiki. Anayekusanya hesabu kila siku hawezi kukwepa kifaa kinachomletea hesabu hiyo. Iandikwe hivyo kwenye makubaliano, hata kama makubaliano ni karatasi ya daftari iliyotiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa steji. Naye mwendeshaji ana wajibu wake, kusema mapema na kukataa kutoka na kipara siku ya mvua. Tunajua kukataa kuna gharama. Siku moja bila kazi inauma. Mguu uliovunjika ni miezi bila kazi, na hiyo hesabu hakuna anayekusamehe.

Na vyama vya akiba vya bodaboda viko wapi? Vimetusaidia kununua pikipiki, kuzika wenzetu na kulipa karo. Vinaweza kununua tairi. Tuseme tairi ya nyuma ni Sh2,500. Mwanachama akiweka Sh30 kila siku, kwa siku 90 ana Sh2,700. Hiyo ni bei ya chai na mandazi. Chama chenye watu hamsini kikienda dukani kwa pamoja kinaweza kuomba bei ya jumla na kudai tairi mpya zisizokaa dukani miaka mingi. Uwezo huo tunao tayari. Tumeutumia zaidi kwenye mazishi.

Yapo mambo unayoweza kufanya kesho asubuhi bila hata shilingi. Inama. Kwenye mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo vya mpira, na mara nyingi ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Meno yakishuka hadi yakalingana na vijinundu hivyo, tairi imekwisha, hata kama bado unaona mistari. Uingereza, kwa mfano, sheria inataka kina cha angalau milimita 1 kwa pikipiki na 1.6 kwa gari dogo, na watu wa usalama hushauri ubadilishe kabla hujafika hapo.

Kisha tafuta namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2321, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Muuzaji akikuambia ni mpya ya jana, muonyeshe. Pima upepo tairi ikiwa baridi, kabla ya abiria wa kwanza, kwa kiwango alichoweka mtengenezaji, si kwa kuibonyeza na kidole gumba. Dereva wa gokati anayebishania nusu psi kwenye kiwanja kilichopigwa pasi hana abiria nyuma yake. Wewe unaye.

Na wewe abiria, usijifanye humo kwenye stori hii. Tumejifunza kuuliza bei kabla ya kupanda. Tujifunze kutazama tairi kabla ya kuuliza bei. Steji ikiona wateja wanapita kipara na kwenda kwa mwenye meno, soko litafanya kazi ambayo mabango ya usalama barabarani yameshindwa kufanya. Maafisa wa trafiki nao, wakimsimamisha mtu kudai helmeti na leseni, waiangalie na tairi ya nyuma. Iko palepale.

Tuna ombi la mwisho, na hili ni kwa serikali za kaunti zote mbili. Vijana wa huku wanapenda kasi. Hatutaki kuwakataza, kwa sababu nani amewahi kufaulu? Jumapili jioni wanashindana barabarani, bila helmeti, kati ya magari. Wapeni mahali. Kiangazi cha Januari na Februari, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, kiwanja cha udongo chenye umbo la yai hakihitaji mabilioni. Kinahitaji greda, gari la maji, marobota ya nyasi kavu pembeni, gari la wagonjwa na watu wanaojua sheria. Fremu ya gokati ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Injini, tumesema, ni ndugu wa ile ya pampu. Kitale National Polytechnic ipo. Sang'alo ipo upande wa Bungoma. Vyuo vya ufundi vya kaunti vimejaa vijana wanaojifunza kuchomelea na kufungua injini, lakini hawana pa kuonyesha kazi yao. Wakutanisheni, kaunti kwa kaunti, fremu ya Kitale dhidi ya fremu ya Bungoma, tuone nani mwanaume na nani mwanamke wa kazi.

Kijana aliyekaa wiki nzima akipima ugumu wa mpira, akilinganisha mizingo, akibishania upepo, akitazama udongo unavyobadilika kutoka unyevu hadi ukavu, kijana huyo hatapanda tena nduthi bila kuinama kwanza. Hilo ndilo tunaloliona kuwa faida kubwa ya mchezo huo, kuliko kombe lolote. Eneo hili lina historia yake kwenye magurudumu. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa jirani, mpakani Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Kama sisi ndio tuliowafundisha wengine kubeba watu, tunaweza pia kuwafundisha kuwabeba salama.

Na ile tairi iliyokwisha? Ina kazi yake bado. Sokoni Kitale na Bungoma wapo mafundi wa akala, wenye visu vikali na macho makali zaidi, wanaoweza kuikata na kuigeuza viatu vya kutembelea miaka. Mpelekee. Kipara kikivaliwa mguuni, kikiteleza, kitakuangusha peke yako.